Baridi Iliyomwagika Barabarani

Duka lile lilikuwa karibu na stendi ya Moshi, kubwa, la nguo na vyombo, na milango yake ya chuma ilikaa wazi tangu asubuhi mpaka jioni. Kiyoyozi kimoja kilikuwa juu ya mlango, vingine ndani, vyote vikivuma. Februari, joto likipanda mpaka lami inanata kwenye soli, baridi ya duka ilitoka nje na kumwagika barabarani. Meneja, Filbert, ndivyo alivyotaka. Alisema mpita njia akiguswa na ule ubaridi huingia mwenyewe, na mlango uliofungwa humfanya mtu adhani duka nalo limefungwa.

Theodora alisimama pale mlangoni kukagua risiti za wanaotoka. Alikuwa mjane wa Kirua Vunjo. Kihamba cha mumewe, shamba la ukoo, kililimwa na shemeji zake, na yeye alipanga chumba Majengo, chini ya bati lililomnyima usingizi kwa joto. Kwao alikulia kando ya mfongo, ule mfereji wa kuleta maji mashambani, na mtu aliyemaliza zamu yake akaacha maji yapotee bure aliitwa mbele ya wazee. Kwa hiyo ule mlango ulimkera. Siku moja alimwambia Filbert kwamba umeme wote unaishia nje. Filbert, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamjibu kuwa kazi yake ni risiti.

Theodora akarudi kwenye risiti zake. Alishazoea kunyamaza. Tangu ahamie mjini, siku nzima iliweza kupita bila kusema zaidi ya "risiti, tafadhali" na "karibu tena".

Ndipo akaja mzee mmoja mwenye fimbo, amevaa kofia ya sufu hata kwenye jua lile. Hakuingia. Alisimama pembeni ya kizingiti, pale baridi inapotokea, akafumba macho. Theodora akamwamkia. Mzee akaitikia kwa Kichagga cha Rombo, na tangu hapo akawa anakuja kila mchana. Theodora alimwita meku, kama wazee wa kwao wanavyoitwa. Mzee naye alimwita mama tu. Alimsimulia alivyokuwa fundi redio, na jinsi watu walivyoacha kuleta redio. Siku nyingine hawakusema kitu. Theodora akaanza kubeba ndizi za kuchemsha za kuwatosha wawili. Kufikia Machi alikuwa akitupa jicho barabarani kabla mzee hajatokea, na mlango haukumkera tena.

Mwezi ulipokaribia kuisha, kiyoyozi cha mlangoni kikafa, na cha pili kikafuata. Mwenye duka akaja kutoka Arusha pamoja na fundi. Fundi akasema mashine zimechoka kwa kupoza barabara. Filbert akajitetea kwamba jua likiwa kali huwa wanafunga milango. Mwenye duka akamgeukia Theodora.

"Eti mama, huwa inafungwa?"

Filbert alikuwa akimtazama. Mzee naye alikuwa palepale kizingitini, ameegemea fimbo, akisubiri ubaridi urudi. Theodora alijua jibu lake litaleta nini kwa wote wawili.

"Haifungwi," akasema. "Haijawahi kufungwa."

Filbert hakufukuzwa, alisemwa tu, na kwa muda hakumsalimu Theodora. Ikawekwa milango ya vioo inayojifunga yenyewe. Duka sasa lilipoa vizuri na baadhi ya mashine zikazimwa kabisa. Theodora akapewa kiti ndani.

Mzee alipokuja, alisimama mbele ya kioo kama mtu aliyekosea nyumba. Theodora akatoka, akamshikia mlango, akamwomba aingie akae.

"Nikae dukani bila kununua?" mzee akauliza. "Hapana, mama. Hapa nje palinitosha."

Akaondoka, na hakuja tena. Theodora akabaki kwenye kiti chake, akiwatazama wapita njia kupitia kioo, midomo yao ikicheza bila sauti.

Akaanza kumuulizia Majengo, akitaja kofia na fimbo. Fundi viatu mmoja karibu na msikiti akamtambua. Huyo ni Mzee Kornel, alisema; joto la chumba chake lilimzidi, na binti yake Hilda, muuza vitunguu wa Himo, alikuja kumchukua.

Jumapili baada ya misa, Theodora akapanda gari la Himo na kichane cha ndizi. Sokoni hakukuwa na asiyemjua Hilda, wakamwelekeza nyumbani. Mzee alikuwa barazani, mjukuu mmoja magotini na wengine wakimzunguka. Alifurahi kweli, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hilda akatoka na kiti, akauliza mgeni ni nani.

Mzee akafungua kinywa, akasita.

"Ni yule mama wa mlangoni," akasema. "Wa kule dukani."

"Naitwa Theodora."

"Theodora," mzee akarudia taratibu, akaona haya.

Mgeni akapewa chai. Wakaongea habari za mvua na bei ya vitunguu, lakini kila mjukuu alikuwa na lake la kumwambia babu, na mazungumzo yakakatika mara kwa mara. Theodora akamaliza kikombe, akaaga kwa kisingizio cha nguo za kufua. Mzee akamwambia aje tena, naye akaitikia kwamba atakuja.

Njia panda alisimama peke yake akisubiri gari la Moshi. Mvua ya masika ikaanza. Mwavuli alikuwa nao, lakini hakukumbuka kuufungua mpaka alipokuwa ameshalowa.