Kategua Mgongo Siku ya Zamu Yangu

Jamani, mume wangu kaumia mgongo, lakini mie ndo nnaumwa roho!

Kanyanyua gunia la karafuu bandarini, mgongo ukateguka. Wenziwe wakambeba mpaka Ng'ambo.

Kwa nani? Kwa mke mwenzangu! Eti ndo karibu.

Na leo zamu yangu. Pweza nshampika!

Nikaenda mbio kumchukua. Bi Mize, mkandaji, akanizuia:
"Mgongo huu hautaki kuhamishwa. Alale hapahapa mpaka apoe."

Mwenzangu kashika kichupa cha mafuta ya nazi, anatabasamu.
"Nenda kapumzike, dada. Ntamkanda mie."

Nikaenda kweli. Nkarudi na mkeka na sufuria langu la pweza, nkatandika ubavuni mwa kitanda.

Mwenzangu kanuna. Mume kafumba macho, anajidai kalala.

Kesho zamu yake. Mnadhani ntaondoka?