Maneno ya Zaina Niliyoyaita Yangu

Mimi ni mwizi. Sikuiba pesa wala nguo za mtu. Niliiba maneno ya Kiingereza. Cheka kama unataka! Hata mimi siku ile nilicheka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa mfanyakazi wa mgodi wa shaba, na tulikaa mtaa wa Katuba, kusini mwa Zaire. Kila mchana nilienda kusoma Kiingereza kwa mwalimu mmoja aliyekulia Zambia. Tulikuwa wanafunzi ishirini, tumebanana saluni, sebuleni kwake. Alipenda kuandika herufi chache ubaoni, nasi tutafute maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote.

Zaina alitupita sote. Baba yake, Fundi Ramazani, mshonaji, mtu wa Maniema, alinunua vitambaa Mokambo, mpakani, na vitambaa vilikuja vimefungwa ndani ya magazeti ya Zambia. Kwetu magazeti yale yalikuwa ya kuwashia makala, mkaa wa kupikia. Zaina aliyanyoosha kwa pasi ya baba yake, akayasoma yote, hata matangazo ya sabuni.

Alikuwa rafiki yangu. Tulikula sahani moja. Mungu wangu!

Siku moja mwalimu akatuambia kuna kampuni ya malori huko mjini inatafuta msichana wa kupokea telefone za Kiingereza kutoka Zambia. Akaandika herufi tatu: A, R, T.

"Basitwayeni," akasema, maana wakati ule wa Zaire ndivyo tulivyoitwa wote, wananchi. "Mwenye kuleta maneno mingi siku ya posho, njo ule nitamutuma kule."

Siku ya posho ni Jumamosi kwetu, na njo ni ndiyo. Wiki nzima nilijikuna kichwa, nikapata tisa: water, father, start, party, na mengine ya kitoto. Kichwa kikafunga. Na nyumbani nilikuwa nimeshatangaza kwamba kazi ile ni yangu! Mama alikuwa ameshanishonea blauzi nyeupe.

Ijumaa, Zaina akaja kwetu.

"Mi nilifikia makumi mbili na sita," akasema. "Na weye?"

"Karibu vile," nikadanganya.

Alasiri ikafika. Akaniomba kitenge safi cha kusalia, akatoka kwenda kutawadha bombani, na bombani kulikuwa na mstari mrefu wa ndoo. Daftari lake akaliacha juu ya kitanda changu. Wazi!

Nilinakili kama mtu anayekimbizwa. Aliporudi nikajidai naandika yangu; alipoanza kusali, amenipa mgongo, kipaji cha uso chini, mimi nilikuwa bado naandika. Mtu anamsujudia Mungu chumbani mwangu, nami namwibia nyuma yake! Haraka ile ilinifanya nichukue mpaka kosa lake: carrot aliliandika kwa R moja.

Jumamosi mwalimu akaziweka karatasi zetu mbili pamoja. Uso ukambadilika.

"Maneno iko moja. Mustari iko moja. Hata kosa iko moja! Nani alikopia?"

Zaina akanigeukia. Hakunishtaki. Alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Nikasimama. "Ni yeye, mwalimu. Jana alikuya kwetu. Muulize kama hakukuya."

Akaulizwa. "Nilikuya," akasema, "lakini..." Darasa lilishaanza kupiga meza: "Muizi! Muizi!" Mwalimu akachana karatasi ya Zaina. Zaina akaniambia neno moja tu, "Weye?", akatoka.

Nami nikacheka pamoja nao.

Fundi Ramazani hakumrudisha darasani tena. Kabla wiki mbili hazijaisha alimwoza kwa mtu wa Kasongo, kule Maniema, mtu ambaye Zaina hakupata kumwona. Niliona gari likimchukua. Nikajificha nyuma ya pazia.

Mimi nikavaa blauzi yangu nyeupe, nikaenda kazini. Kusalimia kwa Kiingereza nilijua. Kusikia, hapana. Wiki ya tatu telefone ikalia, mwanamume akaongea haraka, karibu kulia. Niliokota maneno matatu: dereva, Mokambo, kesho. Nikaona haya kumwambia arudie. Nikajibu "yes, yes", nikaandika kwenye karatasi ya mkubwa: Dereva yuko Mokambo, atafika kesho.

Kumbe alikuwa anasema dereva wetu amebanwa mguu na lori, asipochukuliwa leo, kesho atakuwa amekufa!

Lori lilipokosa kufika, walimfuata siku ya pili yake jioni. Hakufa. Mguu ulikatwa. Mke wake alikuja biro, ofisini kwetu, na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya meza yangu. "Ni weye njo ulipokea telefone?" Nilifukuzwa siku ileile, na sawa walifanya.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Fundi Ramazani. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia yote, daftari, sala, yote. Alisimamisha cherehani.

"Tangu siku ile mi nilijua," akasema. "Mutoto wangu hapana muizi. Ulimuvunja mbele ya bantu makumi mbili. Leo unakuya kumutengeneza mbele ya muntu moja, tena muzee, mwenye kujua tayari?"

"Baba, nisamehe."

"Mi si njo Zaina. Enda ukaseme fasi ulidanganya."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Fasi ile, lile darasa, haiko tena. Mwalimu alihama, wenzangu wametawanyika, Likasi, Kolwezi, wengine hata sijui. Kasongo nimetuma barua tatu kwa wasafiri. Jibu hakuna. Ndiyo maana naandika hapa. Labda mmoja wa wale waliopiga meza atasoma. Ndugu, tulimpigia meza mtu asiye na kosa!

Na wewe ulionyamaza juu ya uongo wako, usijidanganye kwamba utakuja kusema siku moja. Sema leo, wakiwa bado wamekaa, wale walewale waliokusikia. Wakishasimama na kwenda zao, utabaki kama mimi, unaomba radhi kwa viti.