Spika wa Fundi Dishi

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Dishi hakununua kipimo cha mawimbi, na aliyemuuliza sababu alijibiwa, "Kipimo changu nimekioa." Hakuwa anatania sana. Yeye alipanda juu ya bati na spana yake, mkewe akakaa ndani mbele ya televisheni ya mteja, na kila dishi liliposogezwa mama huyo alipaza sauti mpaka mtaa wa pili ukasikia: "Bado! Rudisha kidogo! Imeshika, baba!" Wateja wakambandika jina la Spika. Kwa sauti ile mume na mke walilea na kusomesha watoto, huku televisheni ya nyumbani kwao ikiwa haina hata antena. Spika akikumbusha, fundi husema kesho. Ndivyo mafundi walivyo, mtawasamehe.

Kesho ilifika baada ya Spika kupigwa na kiharusi. Kiliondoka na miguu yake, mkono wa kulia na sauti yote. Ulibaki mkono wa kushoto, nao tangu juzi ulikuwa mzito. Daktari alisema wazi kwamba huo nao ukilala, hakuna tena la kutumaini. Fundi alisikia, akaamua hakusikia.

Jumamosi asubuhi alisogeza kitanda hadi mbele ya televisheni, akaweka kikombe cha bati kwenye kigoda ubavuni, akamshikisha mkewe kijiko.

"Mama, picha ikija, gonga. Mara moja tu, nitasikia."

Mama alifumba macho, akafumbua. Hivyo ndivyo alivyosema ndiyo.

Jirani yao, fundi cherehani, alimwona akiegemeza ngazi. "Nije nikae ndani nikuitie?"

"Ndani kuna mwenye kazi yake," Fundi Dishi akamjibu kwa mkato.

Alikaza nguzo, akafunga dishi, akalielekeza upande anaoujua kwa mazoea, akaanza kulisogeza kidogo kidogo. "Vipi, mama?" Kimya. Akasogeza. "Na hapo?" Kimya. Akarudi mwanzo, akabadili mwinuko, akalegeza nati alizokwisha kukaza. Bati lilimchoma magoti. Akamlaani muuza waya, akalaani king'amuzi, akaulaani hata mti wa jirani ambao haukuwa njiani kabisa. Moyo ulimwambia ashuke akaangalie. Akauambia bado mara moja. Maadamu alikuwa juu, aliweza kuamini kwamba kibovu ni dishi.

Adhuhuri alishuka, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kulegeza.

Picha ilikuwa imeshika. Mtangazaji alikuwa akisoma habari, safi, hata kifungo cha koti lake kilionekana. Kijiko kilikuwa mkekani chini ya kitanda.

"Imekuja sasa hivi tu, mama, siyo?" fundi aliuliza, na sauti ilikuwa ya kuomba. "Au na kule mwanzo ilikuja?"

Mama alifumba macho, akafumbua. Akafumba tena, akafumbua, na tena, machozi yakiteremka hadi sikioni, mpaka fundi akaacha kuhesabu. Aliokota kijiko, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto cha mkewe, akavikunja vidole kimoja kimoja. Alipoachia, vilifunguka vyenyewe na kijiko kikaanguka.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwa televisheni. Asubuhi nzima Spika alikuwa akimwita, naye hakusikia.