Mtandaoni Wanasema Niliteleza, Lakini Rungu Nililielekeza Mwenyewe

Admin, nifichie jina na usiweke picha, ingawa sura yangu kila mwenye simu ya kupangusa hapa Babati ameshaiona. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nakaa Singe, nina mke na watoto wanne. Shule niliishia darasa la sita, mwalimu wa fimbo alichoka kabla yangu. Manyara inatangazwa mkoa, mimi tayari nina jina langu mjini. Kule Bonga niliwalaza wezi watatu wa ng'ombe kwa kichwa tu, mmoja mpaka leo akisikia nakohoa anabadilisha njia. Na kubwa kuliko yote, kiboko aliyetoka ziwani kuja kula bustani yangu ya nyanya nilimtandika rungu moja la utosi, akarudi majini analia kama ndama. Huyo kiboko ndiye aliyeniponza.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amesomea matangazo ya mtandaoni. Akapata kazi kwa tajiri mmoja mwenye duka la helmeti za bodaboda. Akanifuata, "Shikamoo mjomba. Matangazo ya kusoma watu wanayapita tu. Nataka tangazo ambalo mtazamaji ndiye anaamua." Mpango ulikuwa hivi: tunarusha laivu, mtu amekaa kwenye kiti amevaa helmeti, mimi nimesimama nyuma yake, watazamaji wanabonyeza kuchagua nimpige na nini. Ukibonyeza moyo ni mwiko, ukibonyeza moto ni rungu. Asubuhi tulijaribu helmeti juu ya boga, nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi, boga halikupata hata mchubuko. Aliyekubali kukaa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mkulima wa Mutuka, mtu mpole. Tukakubaliana napiga utosini tu, tena kwa kiasi. Akasema, "Shemeji, mimi nafumba macho. Nakuamini."

Laivu ikaanza uani kwa tajiri, mvua imetoka kunyesha. Nikaanza kwa kuwasimulia watu habari ya kiboko, kama nilivyozoea. Mioyo ilikuja michache, moto ukajaa mpaka simu ikapata joto. Mpwa anasoma komenti kwa sauti: "Pasua!" "Mzee unapiga au unapapasa?" "Huyo kiboko alikufa kwa kicheko?" Nikaongeza nguvu. Helmeti ikalia kama debe, shemeji akayumba, akainua dole gumba. Ndipo mtazamaji mmoja akauliza, wewe uliyekaa, huyo kiboko ulimwona?

Shemeji, macho kafumba, akacheka. "Nilimwona. Na shemeji pia nilimwona, juu ya mkuyu."

Mpwa alicheka mpaka simu ikatikisika mkononi. Vile vikatuni vya kucheka vikapanda kwenye kioo kama siafu. Jamani, masikio yangu yaliziba. Sikulenga tena utosini. Nililizungusha rungu kutoka pembeni, pale chini ya helmeti pasipo na kitu, kwenye taya. Nilisikia mfupa ukikatika kama muwa. Meno mawili yaliruka. Akaanguka na kiti chake, damu puani, damu mdomoni, mguu mmoja ukawa unapigapiga matope. Na mimi, Mungu anisamehe, rungu lilikuwa juu tayari kwa pigo lingine. Mpwa alipopiga yowe ndipo nikashtuka. Nikajitupa kwenye tope nikaanza kulia, "Nimeteleza! Jamani nimeteleza!"

Wote wakaamini. Hospitali walimfunga taya kwa nyaya, wiki sita anakunywa uji kwa mrija. Nilipokwenda kumwona aliomba daftari akaniandikia: "Shemeji usilie, ni lile tope." Mke wangu peke yake ndiye aliyeiangalia ile video taratibu, akairudia, kisha akaniuliza tukiwa tunakula, "Baba Anjela, mtu anayeteleza huwa anakaza meno?" Nilirusha sahani ya ugali ukutani nikatoka. Hajauliza tena, ila siku hizi analala na watoto.

Huko mtandaoni mimi ndiye Mjomba Rungu. Vijana wamekata lile pigo wakalifanya mchezo wa kwenye simu, ukigusa taya jino linaruka, ukigusa tena linaruka tena. Sokoni watoto wananishangilia. Helmeti zimeisha dukani, na tajiri sasa ameleta zinazofunika mpaka kidevu. Anataka laivu ya pili, safari hii watu wachague hata sehemu ya kupigwa. Ameahidi kumwekea shemeji meno. Shemeji, anayetumia simu ya kitochi isiyo na mtandao na hajawahi kuiona video yenyewe, amekubali kwa sharti moja tu. Nyaya zimeshatolewa, akamwambia tajiri mbele yangu, maneno yakipita kwenye pengo, "Apige shemeji. Mwingine simwamini."

Ndugu zangu, kwa kuwa nimefichwa jina niseme. Yule mwizi wa Bonga alikuwa mmoja, tena amelewa. Kiboko sikumgusa. Nilipanda mkuyu nikajikojolea, shemeji ndiye aliyemfukuza kwa kupiga debe, kisha akaniletea ngazi nishuke. Miaka yote hii hakumwambia mtu, hata dada yake. Siku ile moja alitania tu, nami nikamvunja taya.

Laivu ni Jumamosi asubuhi. Atakaa kwenye kiti kilekile, atafumba macho. Nikikataa bila sababu atakosa meno. Nikimwambia ukweli ndoa imekwisha, na ndugu zake wa Mutuka wana marungu yao. Nikikubali, nauogopa huu mkono, maana najua watu watacheka tena. Nimwambie kabla hajakaa, au ninyamaze nisimame nyuma yake? Nawaomba ushauri, hata ninyi mliobonyeza moto siku ile. Ila msinijibu kwa kubonyeza. Andikeni.