Nilivyoila Firigisi ya Mume Wangu

Wenzangu, nina kosa, na kosa lenyewe lilikuwa tamu! Msinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, huku kwetu Kinole. Nikaenda misheni kumwuliza Sista wa Kidachi mjamzito ale nini. Akaniambia nile mboga za majani, maharage, na maziwa yakipatikana. Basi! Mwendo wote ule kwenda kuambiwa nile mchicha ninaoupalilia mwenyewe!

Njiani shetani akanishauri. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama mkwe, uso mkavu kabisa: "Mama, Sista kasema nile kuku. Na firigisi niile mimi, mtoto apate nguvu."

Firigisi! Mnajua wenyewe ni ya nani. Mume wangu alikuwa akirudi hoi kutoka kazi ya barabara ya Wadachi, ananawa mikono, halafu ananitazama nikiitafuna. Anameza mate tu. Nani angebishana na neno la Mzungu?

Mama mkwe hakubisha hata kidogo. Kila wiki alichinja. "Kula, mwanangu, usimwonee mtu haya." Nami nilikula, jamani, nilikula bila aibu! Mchicha nikawaachia wao.

Mtoto akaja salama, wa kike, ana sauti kama tarumbeta la askari. Nikalala nikingoja supu ya mzazi, ile ya kuku na pilipili manga, ya kuleta maziwa. Nikaletewa mlenda.

"Mama, na supu je?"

Akampakata mjukuu wake. "Supu ulishainywa, mwanangu. Wale kuku niliwafuga kwa ajili ya uzazi wako. Hakubaki hata jogoo."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nibishane na neno la Sista? Mwenyewe nilimwuliza baada ya misa, wiki ile ile. Akaniambia mchicha na maharage. Nikasema, ngoja nione huyu atakula mpaka wapi."

Nilitamani ardhi inimeze! Maziwa yalikuja kwa kusuasua, mwanangu analia, nami nalia naye. Nilijuta jamani! Mwishowe mama mkwe akaenda Mkuyuni kwa dada yake kuniombea kuku, kwa ajili ya mtoto, si kwa ajili yangu.

Dada zangu wenye mimba, semeni kweli mliyoambiwa. Na kama ulimi unawawasha, hakikisheni kwanza mama mkwe haendi misa.