Neno Kazin na Ng'ombe wa Mwanangu

Ninyi wajukuu, na wenzenu mtakaoyasoma haya, tulieni. Siandiki kuwafurahisha. Nawasikia mkiitana kazin, kazin, mbele yangu. Mnasema bibi anachukia Kiingereza kwa kuwa aliishia darasa la pili. Sina ugomvi na Kiingereza. Nina ugomvi na neno moja, na chanzo chake ni hiki.

Mume wangu alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Huyo mdogo akafa, na mkewe naye akamfuata kabla udongo haujashuka kaburini. Wakaacha binti aliyekuwa anang'oka meno ya utoto, na mvulana wa mgongoni. Hakikukaliwa kikao. Nilimfunga yule mvulana kwa kanga nikarudi naye nyumbani, dada yake anatufuata nyuma. Nilikuwa na wa kwangu ananyonya. Akanyonya huyu, akanyonya yule. Kwetu mtoto wa baba mdogo haulizwi anatafuta nini jikoni.

Mwanangu wa kwanza alikua nao. Walikula sahani moja, wakachapwa fimbo moja.

Binti alipoolewa, ng'ombe wake waliingia zizini kwetu. Desturi inajulikana: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Lakini kaka yake wa tumbo moja alikuwa bado anachunga ndama, na aliyefikia kuoa ni mwanangu. Mume wangu akasema, "Mkubwa atangulie. Mdogo zamu yake itafika." Ng'ombe wa yule binti wakatoka, mwanangu akapata mke. Siku ile hakuna aliyetamka kazin. Hata yeye.

Mume wangu alipofariki, fimbo ya zizi ikaenda kwa mkubwa, ingawa aliyelifagia kila asubuhi alikuwa mdogo. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, kila mtu akaruhusiwa kufanya biashara yake. Shirika alilofanyia kazi mwanangu likapunguza watu, naye akapunguzwa, akafungua duka Tukuyu karibu na soko. Sabuni, kandambili, sukari ya kupima. Akampeleka bintiye kwenye shule ya Kiingereza iliyofunguliwa na mtu binafsi. Hilo nililikubali. Baadaye nikaanza kusikia habari za mashine ya kusaga, kwamba anataka kuinunua, na kwamba ng'ombe wa marehemu baba yake wamekaa bure wanakula majani tu.

Ndipo yule mdogo akapata mchumba wa Kawetele. Wazee wawili wa upande wa huyo mchumba wakaja kwangu kuona ng'ombe. Mvua ya manyunyu ilikuwa haikatiki, tukakaa barazani. Nikawapa ndizi na maziwa ya mgando, wakala, wakafuta midomo. Mmoja akamgeukia mwanangu.

"Mzee wa nyumba hii sasa ni wewe. Tuonyeshe ng'ombe wa ndugu yako."

Mwanangu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Wazee wangu, tuelewane. Huyu si ndugu yangu hasa. Ni kazin."

"Kazin ndiyo nini?"

"Ni Kiingereza."

"Kwamba si Kinyakyusa tumesikia. Tunauliza ndiyo nini."

"Ni... jamaa. Jamaa wa karibu."

"Jirani yangu naye ni jamaa wa karibu," mzee akasema. "Nguruwe wake wanashinda kwenye viazi vyangu. Sijamwoza."

Mimi nilikuwa nimeelewa. Mwanangu alikimbilia Kiingereza kwa kuwa kwa lugha zetu asingeweza kulisema lile jambo. Angesema "mtoto wa baba mdogo", wazee wangejibu, "Basi ndugu yako huyo, fungua zizi." Alitafuta neno lenye mlango wa nyuma.

Wazee wakasimama. "Binti yetu hatumpeleki kwa mtu asiye na kwao. Tunangoja mpaka Jumamosi. Ng'ombe wakifika, wamefika. Wasipofika, kijana wenu asipite tena njia yetu."

Yule mdogo alikusanya vyombo, akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wale wale. Kesho yake hakuingia kula. Nikamfuata nje.

"Mama," akaniambia, "niruhusu niende Mbeya nikabebe mizigo. Nisizeekee kwenye nyumba ya watu."

Nyumba ya watu! Mtoto niliyemnyonyesha! Nilivaa viatu nikashuka Tukuyu.

Nilimkuta mwanangu dukani na mkewe, na mjukuu wangu anafanya kazi za shule juu ya gunia la chumvi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Una kitabu kile cha maneno? Nitafutie kazin."

Mwanangu akasema, "Mama, mambo ya nyumbani tusiyalete dukani."

"Neno ulilileta wewe nyumbani. Mimi nalirudisha lilikotoka. Soma, mjukuu wangu."

Mtoto akapekua. "Ni mtoto wa anko au wa anti."

"Anko ni nani?"

"Kaka yake baba. Au kaka yake mama."

"Na mume wa shangazi?"

"Naye anko."

"Anti je?"

"Shangazi, mama mdogo, mama mkubwa, mke wa mjomba. Wote anti, bibi."

"Wametiwa gunia moja kama mitumba! Endelea."

"Basi. Ila kuna kazin wa kwanza na kazin wa pili."

"Wamepangwa madaraja kama chai kiwandani. Na aliyenyonya ziwa moja na baba yako, kitabu kinamwitaje?"

Mtoto akatazama juu ya ukurasa, akatazama chini. "Hakijaandika."

"Kifunge."

Nikamgeukia mwanangu. "Sasa wewe. Kama yule ni kazin, dada yake naye ni nani kwako?"

Akaanza kupanga sabuni upya.

"Nakuuliza. Mke huyu ulimwoa kwa ng'ombe wa nani?"

Mkewe akaacha kupima sukari. Yeye hatoki mbali na kwetu, desturi anaijua vizuri. "Ng'ombe wa wifi yangu," akasema, "sivyo?"

"Walikuwa wa wifi yako. Mumeo jana alisema huyo si wifi yako, ni Kiingereza."

"Yaani baba yangu alipewa ng'ombe wa kuazima?" akamwuliza mumewe. "Ndiyo maana yake? Nimezaa watoto wanne kwa ng'ombe wa watu? Jibu, mwenye duka!"

"Hamnielewi," mwanangu akasema. "Mashine ingetusaidia wote."

"Wote akina nani?" nikamwambia. "Hesabu kwa vidole, nione kama yule yumo."

Nikamwambia achague moja: ama yule ni ndugu yake, ama aende kwa baba mkwe wake akawachukue ng'ombe wa yatima, pamoja na ndama wote waliozaliwa tangu siku ile. Alitazama sakafu kama mtoto aliyevunja chungu. Sikumwonea huruma, na hata leo simwonei.

Kisha nikatoa amri, na wateja wakasikia: "Jumamosi duka hili halifunguliwi. Wewe mke utakuja kupika. Wewe mtoto, kitabu hicho kibaki hapa hapa. Na wewe mkubwa, utawafungulia ng'ombe wa mdogo wako mwenyewe, utawaswaga kwa miguu mpaka Kawetele, na utapita nao hapa sokoni mchana kweupe. Atakayekuuliza unawapeleka wapi, mwambie unamwoza mdogo wako. Sema kwa sauti, na usivae miwani."