Pikipiki Haikuinywa Petroli Ile, Ni Mimi

Niliiba. Naanza hapo hapo, nisije nikazunguka halafu nikabadilisha nia. Nilimwibia mume wangu petroli. Lakini petroli siyo inayoninyima usingizi. Kuna mtu alibebeshwa wizi wangu mbele ya watu, nami nilikuwa nimesimama palepale, mtandio kichwani, mdomo nimeufunga kama niko kwenye swala!

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, tunakaa Garsen. Mume wangu, mtu wa Kipini, alikuwa na duka la dawa za mifugo. Wateja wake wakubwa walikuwa wafugaji wa Orma, na kwa kuwa ng'ombe hawaji dukani, ilibidi yeye awafuate huko malishoni. Ndipo akanunua pikipiki.

Pikipiki! Jamani, ile ilikuwa nyumba yenye magurudumu. Mzungu mmoja alikuwa akizunguka nayo Afrika nzima. Alipofika kwetu barabara ikamshinda, akaiuza, akapanda basi. Ilikuwa na kioo kikubwa mbele, masanduku ya bati pembeni, na tangi kama tumbo la ng'ombe anayekaribia kuzaa. Siku ya kwanza mume wangu aliipitisha mtaani akipiga resi, mbuzi wanatawanyika, yeye amekaza shingo kama mkuu wa wilaya.

Sasa, nina kaka yangu analima ndizi na mahindi kando ya mto, kijijini kwetu, upande wa kwenda Hola. Mafuriko makubwa yalikuwa yamelisomba shamba lake, na alikuwa akianza upya na pampu kuukuu ya kuvuta maji. Pampu anayo, petroli ya kuiwashia hana. Nikamwomba mume wangu kwa adabu zote.

"Baba watoto, msaidie shemeji yako mafuta kidogo ya pampu."

Hata hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Kwani hapa ni kituo cha mafuta? Mto si uko pale? Achote na ndoo!"

Wenzangu, neno hilo lilinichoma. Ningeweza kugomba, ningeweza kununa. Mimi nikatafuta mpira.

Ijumaa mume wangu akitoka msikitini hula wali, kisha hulala fofofo. Nikatia mpira kwenye tangi, nikavuta kwa mdomo. Mara ya kwanza nilimeza. Uwi! Nilibeua petroli mpaka magharibi. Alipoamka akaninusa.

"Mbona unanuka kama gereji?"

"Stovu ya mafuta taa inavuja," nikamwambia, mkavu kabisa. Tangu siku hiyo nikawa natafuna iliki.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya kusafiri, na ndiyo siku ambayo kaka yangu huja sokoni na baiskeli. Nikampa jerikeni. Hapo nikaongeza uongo juu ya wizi: "Shemeji yako amekutumia. Lakini usimshukuru usoni. Hataki sadaka yake isemwe. Ukimshukuru tu, ataacha." Kaka yangu machozi yakamlenga! Akaniachia mkungu wa ndizi nimpe mume wangu, na Jumamosi zilizofuata hakuacha hata moja.

Mume wangu akala ndizi. Akasema, "Huyu kaka yako siku hizi ana adabu." Mimi nikainama kufagia ili asinione nikicheka.

Petroli ikaanza kumshinda. Zamani alikuwa akifika Hola bila kugusa ule ufunguo wa akiba ulio chini ya tangi, unaoachilia mafuta ya mwisho. Sasa hata nusu ya njia hajafika, injini inakohoa, anainama kuufungua. Akarudi nyumbani kama mtu aliyefiwa. "Inakunywa," akasema. "Mnyama huyu anakunywa!"

Ndugu zangu, hapo vituko vikaanza. Akaambiwa kibarazani kwamba matairi yenye upepo mdogo hula mafuta. Akayajaza mpaka yakawa magumu kama jiwe. Kesho yake kwenye mchanga gurudumu la mbele likateleza, akaanguka mbele ya wanawake wanaouza maziwa. Akaambiwa vumbi likiziba chujio la hewa injini hunywa kupita kiasi. Akawa analiosha kila jioni na kulianika kwenye kamba yangu, katikati ya kanga zangu! Akabadilisha plagi. Akalegeza cheni, akaikaza, akailegeza tena. Akaacha kupiga resi, akawa anaendesha polepole hivi kwamba mbwa walichoka kumkimbiza.

Kisha akasikia kwamba upepo ndio adui. Akang'oa kile kioo kikubwa cha mbele. Akawa anarudi na nzi menoni, maana alikuwa akiendesha amelalia tangi, kidevu juu ya mfuniko, kama mtoto anayenyonya. Akaambiwa uzito nao unakula mafuta. Akang'oa masanduku ya bati, dawa akazitia kwenye kikapu. Akaacha chakula cha usiku. Lakini ndizi za kaka yangu hakuziacha, na tumbo halikupungua hata kidogo!

Mama yake akaja kututembelea kutoka Kipini. Siku ya kurudi akajitanda buibui, akasimama kando ya pikipiki. Mume wangu akakuna kichwa.

"Mama, panda basi. Wajua, uzito unakula mafuta."

Yule mama ni mwembamba kama ufito! Akamtazama mwanawe toka juu mpaka chini. "Nilikubeba tumboni, sikukuuliza mafuta ya nani," akasema, akashika njia ya kwenda kwenye basi. Hakuja tena mwaka ule.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika mbavu. Ndiyo, nilicheka! Nasema kweli yote.

Kicheko kilinikauka siku mume wangu alipomgeukia Guyo. Guyo alikuwa fundi pale Garsen, kijana wa Orma, mpole, ana banda lake karibu na soko la ng'ombe. Pikipiki ile hulala kwake ikitengenezwa, na ni yeye peke yake aliyejua kuifungua na kuifunga. Alikuwa amemwambia mume wangu waziwazi, "Injini ni nzima. Haina kosa." Mume wangu akaona: kama injini haina kosa, basi mwenye kosa ni fundi.

Nilikuwa natoka sokoni na kitunguu changu nikasikia kelele. Mume wangu amesimama mbele ya banda, watu wamejaa. "Mwizi! Unanifyonza petroli ukijifanya unatengeneza! Ndiyo maana kila siku wasema ni nzima!"

Guyo alikuwa amechuchumaa, spana mkononi. Akaniona. Akasimama kama mtu aliyeona ndugu yake.

"Mama, wewe unanijua. Mimi nimekunywa chai kwako. Mwambie."

Watu wote wakanigeukia. Neno moja tu lingetosha! Nami nikasema, "Mambo ya pikipiki mimi siyajui." Nikapita zangu na kitunguu changu.

Garsen ni mji mdogo. Jina la mwizi likikushika hakuna maji ya kuliosha. Watu wakaacha kumpelekea pikipiki, wakaacha hata kumwachia baiskeli. Haukupita muda banda likafungwa. Nikasikia Guyo amehamia Madogo, kule karibu na Garissa.

Mnadhani niliacha? Niliendelea! Kaka yangu mahindi yalikuwa yamebeba, ningeyaacha yakauke?

Jumamosi moja mume wangu akaondoka amejaa furaha. Ameshang'oa kila kinachong'oka, ameshapima upepo, na ameamua kwamba safari hii atafika Hola na kurudi bila kuongeza tone. Hakujua kwamba Ijumaa hiyo nilivuta zaidi, kwa sababu kaka yangu aliniambia jua limekuwa kali.

Injini ikazima katikati ya pori. Akafungua ufunguo wa akiba. Hakuna akiba! Wakati ule barabara ile haikuwa mahali pa kusimama. Hata mabasi yalikuwa hayapiti bila askari, kwa hofu ya majambazi. Akaivuta ile nyumba ya magurudumu mpaka kichakani, akajificha nayo, jua linampasua utosi. Aliniambia baadaye kwamba alisoma kila dua aliyofundishwa utotoni.

Waliomwokoa ni wafugaji waliokuwa wakishusha ng'ombe mtoni. Wakamfungia pikipiki kwenye punda wawili. Mzee mmoja akamwambia, "Hawa wanakula majani tu, daktari." Wakacheka njia nzima. Na kijiji cha karibu, ole wangu, kilikuwa kijiji chetu!

Kaka yangu, ameshawahi sokoni asubuhi na kurudi, alipomwona aliacha jembe, akamkumbatia. "Shemeji! Umeishiwa? Wewe? Karibu!" Akaingia ndani akatoka na jerikeni. Mume wangu akaanza kusema hataki kumwingiza gharama. Kaka yangu akacheka.

"Gharama gani? Si hii hii unayonitumia kila wiki! Dada alinikataza nisikushukuru, lakini leo Mungu amekuleta mwenyewe. Tazama shamba hili. Hili ni lako."

Mume wangu akalitazama shamba. Mahindi yamesimama wima, migomba imeinama kwa mikungu. Akajazia tangi, akanywa maji, akashukuriwa na kijiji kizima.

Alipofika nyumbani jioni nilijua kabla hajasema. Aliweka mkungu wa ndizi mezani.

"Ndoo hapa," akaniita kwa Kikipini chake, yaani njoo. "Keti. Stovu inavuja bado?"

Nikaketi.

"Ningemwambia nini yule?" akasema. "Ananibariki mimi na watoto wangu, na mimi ndiye niliyesema achote na ndoo. Ungeniomba tena, mama watoto."

"Ungenipa?"

Akachuma ndizi moja, akaanza kuimenya. Mwishowe nikauliza, "Na Guyo?"

Akakuna kichwa, vilevile kama alivyokikuna mbele ya mama yake. "Guyo ameshahama. Watu wasijue mambo ya nyumba yetu."

Na mimi, wenzangu, nilishusha pumzi! Nilifurahi! Kosa langu la kwanza mnaweza kulisamehe. Hili la kufurahi silijui linasamehewa vipi.

Kaka yangu nilimwambia ukweli Jumamosi iliyofuata, maana jerikeni lake nilimrudishia tupu. Alinisikiliza ameshika usukani wa baiskeli. "Umenilisha wizi," akasema, "tena ukanifanya nimbariki mtu aliyenidharau." Ndizi zikakoma. Mpaka leo tukikutana kwenye mazishi hunisalimia kama jirani. Pikipiki nayo ilikufa. Fundi mwingine aliifungua kabureta, akaifunga, vyuma vikabaki mkononi. Kuku walitagia kwenye kiti chake.

Miaka ikapita. Nikaenda harusini Garissa, gari likasimama Madogo. Guyo alikuwa chini ya lori, akatoka kunisalimu kwa heshima zote, "Mama, hujambo?" Heshima ile ilinivunja. Nikamweleza yote palepale, nalia.

Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu.

"Mama yangu alifariki Garsen," akasema. "Nilikuja kumzika. Nilipokaa kwenye jamvi, kijana mmoja aliinuka akaenda kusimama karibu na pikipiki yake."

Nikaomba radhi. Akatikisa kichwa. "Usiniombe mimi. Mimi najua sikuiba. Rudi ukaseme pale soko la ng'ombe, kwa sauti. Wao ndio hawajui."

Nikaahidi. Nikarudi Garsen, siku ya mnada nikaenda, nikasimama mahali lilipokuwa banda lake. Watu walikuwa tele. Nikafungua mdomo. Mama mmoja akaniuliza ninatafuta nini. Nikasema, "Nyanya."

Sasa nimekuja kusema hapa, ambapo hamjui uso wangu wala jina langu. Naona mnavyonicheka, chekeni tu! Lakini wewe unayesoma, ukisikia mtu anaitwa kwa jina ambalo ni lako, itikia hapo hapo, hata kama mguu unatetemeka, hata kama mumeo anakutazama. Usiende nyumbani kwanza. Mimi nilikwenda nyumbani, na Guyo bado ni mwizi.